Ngazi ya Kiwanda cha Pendlow

Saa sita kamili mchana, kengele ya mapumziko ilipolia katika kiwanda cha Pendlow cha kufua mashuka ya hospitali, mjini Wolverhampton, Icilda Pinnock alizima mashine ya kunyoosha, akavua glavu, akanawa uso kwa maji baridi na kutoa fomu yake mfukoni. Ilikuwa fomu ya kuomba kazi ya usimamizi wa zamu. Alikuwa ameijaza nyumbani kwa wino mweusi, herufi moja moja, na kuikunja mara moja tu ili isionekane imechoka. Kisha akaenda kwenye ngazi ya ofisi ya juu, akaanza kupanda.

Sharti la kiwanda lilikuwa moja, na liliwahusu wote. Anayetaka usimamizi apeleke fomu mwenyewe, kwa mkono wake, ofisi ya juu, ndani ya nusu saa ya mapumziko. Ngazi ilikuwa ya chuma, imepakwa rangi ya kijani. Ilikuwa na vipandio kumi na moja.

Icilda alipofika kipandio cha kumi na moja aliona mbele yake cha kumi na mbili. Hakusimama. Hii ilikuwa mara yake ya tisa, na alipanda kwa mwendo wa mtu anayeijua njia, akishika reli kwa mkono wa kulia na kuhesabu kimoyomoyo. Saa sita na robo alikuwa kipandio cha mia mbili na ishirini. Chini yake mashine zilionekana kama viberiti vilivyopangwa sakafuni. Saa sita na dakika ishirini na tano alikuwa mia nne na tatu, akageuka, kwa sababu katika miaka ishirini na sita hakuwahi kuchelewa kazini. Kushuka kulikuwa vipandio kumi na moja tu, kama kawaida. Pale chini alipishana na Darren Hickman, aliyeajiriwa mwezi Machi, akipanda na fomu mkono mmoja na mkate uliojaa chipsi mkono wa pili. Darren alirudi kabla chipsi hazijapoa. Jumatatu yake akawa msimamizi.

Wiki mbili baadaye Icilda alihitaji nakala ya faili lake kwa ajili ya pensheni, na karani akamletea. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na orodha ya nafasi zote za usimamizi zilizotangazwa tangu aajiriwe. Mbele ya kila nafasi palikuwa na neno moja, limepigwa kwa mashine. Hakuomba. Lilirudiwa mara tisa.

Aliusoma akiwa amesimama. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja, mzaliwa wa Clarendon, Jamaika, shemasi wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya pili, mjane, mama wa watoto watatu ambao aliwaambia maisha yao yote kwamba mtu hunyimwa, lakini haachi kuomba. Alijua makosa yake mengi na angeweza kuyataja bila kusaidiwa. Hilo halikuwa mojawapo.

Alimfuata Doreen Tranter, mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mwanamke mweupe mfupi wa idara ya kufungasha ambaye baba yake na babu yake walikuwa watengeneza minyororo.

"Doreen, ile ngazi ya ofisi, wewe huwa unapanda vipandio vingapi?"

"Kumi na moja. Kwani kuna vingine?"

"Nipe mkono."

Walipanda sambamba, wameshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara, Doreen akihesabu kwa sauti. Aliposema kumi na moja, mkono wake ulimponyoka Icilda, na Doreen akajikuta mbele ya mlango wa ofisi, ambako meneja, Bwana Loxley, alimuuliza kama anataka kitu. Icilda alikuwa bado kwenye ngazi. Doreen aliposhuka alimkuta anamsubiri chini, ametulia.

"Sasa shoga yangu, miaka ishirini na sita yote, umekaa kimya?"

"Ningesema nini? Kwamba nimeshindwa na ngazi?"

Doreen alitoa daftari. Alieleza, huku akiandika, kwamba sheria ina jina la jambo hilo. Sharti likiwa moja kwa wote, lakini likawalemea watu wa rangi au asili fulani kuliko wengine, na mwajiri asiwe na sababu ya kutosha ya kuling'ang'ania, huo ni ubaguzi, hata kama hakuna mtu aliyeukusudia. Haupigi mtu usoni, unapita kwa mlango wa nyuma. Shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi mitatu kasoro siku moja.

"Hiyo siku moja wameipeleka wapi?" Icilda aliuliza.

"Waliotunga sheria wanajua. Sisi tuhesabu tu. Unataka nini hasa? Kazi? Fidia?"

"Nataka hilo neno liondoke."

Doreen alisema kwamba hesabu ya mtu mmoja haitoshi. Baraza la kazi, linaloamua mashauri kama hayo, lingetaka kujua kama ngazi inawalemea wengine wa asili kama yake. Basi kesho yake Icilda alizunguka kiwandani. Walikuwapo wanawake kumi na wanne wa kuulizwa, wengine wa Jamaika, wengine wa Punjab, wawili wa Ghana. Alianza na Jaswant Kaur wa meza ya kukunja, ambaye alifanya kazi naye tangu nywele zao wote wawili zikiwa nyeusi.

"Jaswant, ile ngazi ulipopanda, ilikuwa na vipandio vingapi?"

"Kumi na moja," Jaswant alisema upesi. "Kwani wewe ulipanda vingapi?"

"Kumi na moja," Icilda alijibu. Neno lilimtoka lenyewe, kwa mazoea.

Walitazamana. Kisha kila mmoja akashika ncha mbili za shuka, wakalikunja. Na wengine kumi na watatu walijibu hivyo hivyo, kumi na moja, kwa sauti ile ile, wakitazama pembeni.

Icilda alifungua shauri hivyo hivyo, na hesabu yake peke yake. Kabla ya kusikilizwa, kiwanda kilituma barua ya suluhu. Kilitaja kiasi kizuri, pamoja na kipengele kwamba mlalamikaji hatalizungumzia jambo hili popote.

"Ni pesa za maana," Doreen alisema. "Wajibu wangu ni kukuambia."

"Umeniambia. Sasa waambie mdomo huu hauuzwi. Jumapili una kazi ya kuimba."

Baraza la kazi lilikaa Birmingham, ghorofa ya tatu, katika chumba chenye zulia la bluu na jagi la maji. Jaji Pym alikaa katikati. Kulia kwake alikuwa Bwana Cottle, mjumbe mwenye uzoefu wa waajiri, na kushoto Bi Surinder Dhesi, mjumbe mwenye uzoefu wa wafanyakazi, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa mshonaji wa viti vya magari. Jaji alimweleza kila mtu utaratibu, polepole, na kumuuliza Bi Pinnock kama ameelewa, na kumuuliza wakili wa kiwanda, Bwana Ansell, vile vile, ili asionekane kumdhania mmoja kuwa mjinga. Viti vya nyuma vilikuwa vya umma. Wanawake wa Pendlow walikuwa wameomba likizo ya siku moja na kuvijaza, wakiwa na kofia za kanisani na shali za gurdwara, hekalu la Masingasinga. Walisema wamekuja kumsindikiza mwenzao tu.

Icilda aliapa kwa Biblia yake mwenyewe. Bwana Ansell, kijana mpole mwenye tai nyembamba, alimuomba afungue jalada ukurasa wa mia mbili kumi na nne.

"Huu ni mwandiko wako, Bi Pinnock?"

"Ndiyo, ni wangu."

"Hili ni dodoso la usalama kazini la miaka mitatu iliyopita. Swali la saba linauliza ngazi ya ofisi ya juu ina vipandio vingapi. Ulijibu nini?"

"Kumi na moja."

"Na kurasa kumi na nne zinazofuata, za wenzako, wote wamejibu kumi na moja. Leo, ukiwa umeapa, unasema mia nne na tatu. Sasa tuambie, uongo ni upi?"

 Icilda alikunywa maji, akakirudisha kikombe mahali pake.

"Ule wa kwanza," alisema. "Niliandika uongo. Mama yangu alitufundisha kwamba katika nchi ya watu usipande ukihema, maana wakisikia unahema watasema huwezi. Nilidhani ni miguu yangu. Kila mara nilishuka nikijua wengine wote wamefika, mimi tu ndiye sijafika. Mlipouliza vipandio ni vingapi, nikawapa hesabu ya watu wanaofika. Niliona aibu, bwana wakili. Leo sioni."

Hapo Jaswant Kaur alisimama kwenye viti vya nyuma.

"Mia tano na sita!" alisema.

"Mia tatu arobaini, tena na goti bovu!" alisema mwingine, naye akasimama.

"Mia sita, nikarudi kwa ajili ya kengele!"

"Hee! Mia sita, wewe? Na huo unene?"

"Unene gani? Nimekushinda mia mbili!"

Jaji Pym aligonga meza kwa kalamu. Aliwaambia wakae. Alisema baraza halipokei ushahidi kutoka viti vya nyuma, hata uwe mzuri kiasi gani. Anayetaka kusema aandike maelezo, aweke sahihi, na upande wa pili upewe muda wa kuyasoma. "Bwana Ansell ana haki ya kujua mtakachosema kabla ya kuwauliza," alisema, "nanyi mna haki ya kuulizwa kwa heshima." Aliahirisha shauri hadi Alhamisi ya wiki iliyofuata. Wanawake wa Pendlow waliona hilo ni sawa. Hawakuwahi kabla ya hapo kuambiwa wangoje kwa sababu inayoeleweka.

Maelezo yaliandikwa kwenye chumba cha chakula, mapumziko ya mchana, kati ya roti zilizofungwa kwa karatasi ya fedha na birika la chai ya maziwa. Doreen aliandika, wao wakasema.

"Mimi niandike mia tatu na sitini."

"Jana ulisema mia tatu arobaini."

"Jana sikuwa nimeapa. Leo nimefikiri vizuri, nilipanda nikashuka vipandio ishirini kuokota kiatu, nikapanda tena."

"Hivyo vya kiatu vinahesabiwa?"

"Andika vyote," Doreen alisema. "Jaji atachambua mwenyewe."

Waligundua kwamba kila mmoja alikuwa amewaambia watu wa nyumbani kwake kitu tofauti. Mmoja alisema nafasi ilijazwa kabla ya kutangazwa. Mwingine alisema hapendi usimamizi, una kelele. Jaswant alimwambia mumewe, mpaka mume akafa, kwamba wanataka mtu mrefu.

Alhamisi, Bwana Ansell aliwauliza mmoja mmoja, kwa heshima. Kisha akajenga hoja zake. Ya kwanza, mhandisi alikuwa ameipima ngazi mara mbili na kuona vipandio kumi na moja, na hakuna shahidi hata mmoja aliyeweza kueleza kwa nini ngazi inarefuka. Asiyejua kwa nini, atadai vipi?

Jaji alisema sheria haimwulizi mlalamikaji kwa nini. Inamwuliza kama ni hivyo.

Ya pili, si wote walioshindwa. Alimwita Comfort Boateng wa chumba cha kukausha, ambaye maelezo yake mwenyewe yalikiri kwamba mwaka jana alifika ofisi ya juu kwa vipandio kumi na moja.

"Ni kweli, Bi Boateng?"

"Kweli kabisa, baba. Nilifika bila hata kuhema."

"Kwa hiyo ngazi ni ile ile kwa wote."

"Siku hiyo nilikuwa nimebeba chai ya meneja," Comfort alisema. "Nikiwa na trei, ni kumi na moja. Nikiwa na fomu, nimefika mia nne na tisini."

Wajumbe wote watatu waliandika. Bwana Ansell aliandika pia, akapiga mstari chini ya alichoandika, na hakuuliza zaidi.

Pande zote mbili zilikubaliana kwamba baraza likaione ngazi. Siku ya ziara mashine zilizimwa. Jaji alitoa maagizo kwamba hapana mtu wa kuzungumza na wajumbe kuhusu shauri, na kwamba chochote watakachokiona kitaelezwa baadaye mbele ya wote. Saa sita mchana wajumbe watatu walianza kupanda, kila mmoja na karatasi ya fomu mkononi. Jaji Pym alipanda vipandio kumi na moja akafika. Bwana Cottle alipanda kumi na moja akafika. Bi Surinder Dhesi alipanda kumi na moja, akaonekana anaendelea, kisha hakuonekana tena.

Walishuka, wakangoja chini. Meneja Loxley aliwapa chai na biskuti. Jaji alikataa, kwa kuwa mjumbe mmoja hakuwapo wa kupewa. Saa nane Bwana Ansell alisema, kwa upole, kwamba sheria inaruhusu wajumbe wawili waendelee ikiwa pande zote zitakubali, na kiwanda kinakubali.

"Bi Pinnock?" jaji aliuliza.

Doreen alimnong'oneza kwamba wakiahirisha, huenda tarehe mpya ikawa mwakani, na Icilda anastaafu kabla ya hapo. Icilda alitazama ngazi.

"Sikubali," alisema. "Sisi tukichelewa juu huko, kazi huendelea bila sisi. Hii isiendelee. Mama yule ni mjumbe kamili. Asubiriwe."

Kwa hiyo alisubiriwa. Wanawake wa Pendlow walileta viti, wakakaa chini ya ngazi wakiwa wamenyooka, kama watu wanaongoja mgeni wa heshima uwanja wa ndege.

Bi Dhesi alishuka saa kumi na robo, viatu vikiwa mkononi. Alisema kwamba, akipumzika kila mara, alihesabu vipandio mia nane na vinne na hakuona mlango. Alisema ana wajibu wa kueleza jambo jingine. Kwenye kipandio cha mia saba na tisini alimkuta mzee mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Egbert Tulloch, wa chumba cha maboila, aliyepanda na fomu yake mwezi Mei 1983 na bado anaendelea.

Wakongwe walitikisa vichwa. Walikuwa wameambiwa kwamba Egbert alirudi Jamaika.

"Nilimwambia siruhusiwi kuzungumza juu ya shauri," Bi Dhesi alisema. "Akanipa kipande cha mkate wa viungo na jibini. Nikasema sipokei zawadi kutoka kwa mtu anayeweza kuwa na maslahi. Akasema, mwanangu, huu si shauri, huu ni mkate. Nilikula. Naomba iandikwe."

Iliandikwa.

Kesho yake asubuhi Bwana Ansell alisimama na kuomba Bi Dhesi ajiondoe. Alisema hamshuku hata kidogo, lakini mjumbe huyo amejionea mwenyewe kile ambacho mlalamikaji anadai. Ngazi imemgusa. Mtu wa kawaida, mwenye busara, akiwaangalia kutoka nje, anaweza kudhani kwamba hana tena moyo mweupe katika jambo hili. Jaji na Bwana Cottle wangeweza kuendelea.

Doreen aliinuka kujibu, lakini Icilda alimshika mkono.

"Naomba niseme mwenyewe, bwana jaji."

"Sema, Bi Pinnock."

"Jana mlipanda watatu. Mama huyu amehesabu mia nane, naye anaambiwa ametoka na kitu moyoni, aondoke. Nyinyi wawili mmehesabu kumi na moja. Mimi nauliza tu. Nyinyi mmetoka na nini? Maana nanyi ngazi imewagusa. Imewafikisha." Alimgeukia wakili. "Mimi sitaki mtu yeyote aondoke. Bwana Cottle abaki na kumi na moja zake. Nataka kila aliyepanda akae pale alipo, aseme alichohesabu, na tuandikwe."

Wajumbe walitoka nje kwa dakika ishirini. Waliporudi, Jaji Pym alisoma uamuzi. Alisema kwa miaka kumi na tisa ya ujaji hakuwahi kuulizwa hesabu yake. Alisema ombi limekataliwa. Wote watatu walipanda mbele ya macho ya pande zote, hakuna kilichofichwa, na mtu hawi na upendeleo kwa sababu tu ngazi haikumbeba. Aliagiza kumbukumbu isomeke hivi: Pym, kumi na moja. Cottle, kumi na moja. Dhesi, mia nane na vinne, hakufika. Bwana Cottle, ambaye siku zote nne hakuwa amesema neno, alisema, "Ni sawa hivyo."

Hukumu ilikuja kwa posta baada ya wiki saba. Ilikuwa na aya arobaini na sita. Icilda aliisoma kwa sauti chumba cha chakula, amesimama, na waliokuwa na roti mkononi waliziweka chini. Ilisema sharti lilikuwa moja kwa wote na liliwalemea baadhi. Ilisema nia ya kiwanda, ya kutaka kujua nani ana ari na anajali muda, ilikuwa nia njema, lakini sanduku dogo chini ya ngazi lingetosha. Ilisema mlalamikaji alikuwa shahidi mkweli, hasa alipokiri uongo wake. Aya ya arobaini na moja ilisema kwamba Bi Icilda Pinnock aliomba kazi ya usimamizi mara tisa.

"Rudia hiyo," Jaswant alisema.

Aliirudia. Wakamtaka arudie tena, na mara ya tatu waliisema pamoja naye.

Kiwanda kilitii. Neno lile lilifutwa kwenye faili mara tisa. Kwa ushauri wa mawakili wake, kiwanda hakikuweka sanduku chini, maana ari lazima ipimwe. Badala yake kilitangaza kwamba fomu itahesabiwa imepokelewa kwenye kipandio chochote ambacho mwombaji ataweza kufika, na kwamba kila Ijumaa karani atapanda kuzikusanya. Karani alikuwa Lorna Whitlow, msichana mwenye moyo safi. Kila Ijumaa alipanda na kikapu, vipandio kumi na moja, na hakuona fomu hata moja. Wanawake walimweleza ziliko. Lorna alisikitika sana, akanunua kikapu kikubwa zaidi.

Nafasi iliyofuata ya usimamizi alipewa mtu aliyekuja kutengeneza mashine ya chai, akapanda ngazi kuuliza choo kiko wapi.

Icilda alistaafu siku ya Ijumaa. Mchana huo walimkatia keki, na saa sita na dakika mbili Doreen alimwona anafuta mikono, anatoa fomu.

"Wewe, Icilda! Unaondoka saa kumi. Unakwenda kufanya nini huko?"

"Kuomba kazi," Icilda alisema.

Alipanda akihesabu kwa sauti, na wenzake chini walimsikia mpaka mia na kitu. Kuanzia kipandio cha mia tatu arobaini alizikuta fomu za wenzake. Kila fomu ilikuwa imebanwa kwenye reli kwa kibanio cha nguo, imenyooshwa bila kunjo hata moja, kama watu wa kazi hiyo wanavyojua kunyoosha. Alisoma kila jina alipolipita. Saa sita na dakika ishirini na tano alikuwa mia nne kumi na mbili, vipandio tisa zaidi ya alivyowahi kufika. Alibana fomu yake, akairekebisha ncha, na juu ya jina lake akaandika hesabu hiyo kwa wino mweusi. Juu yake reli iliendelea, na fomu nyingine ziliendelea nayo, nyeupe, zikipepea kidogo, mpaka mahali ambapo macho yake hayakufika. Aliziangalia kwa muda ambao angeweza kuutumia bila kuchelewa. Kisha akageuka, akashuka vipandio kumi na moja.